Plasmidi Isiyokubali Kuachwa

Rifampisini niliijua kwanza kwa rangi yake. Katika kliniki ya kifua kikuu nilikofanyia mafunzo ya vitendo, muuguzi alimkalisha kila mgonjwa mpya na kumweleza kwamba mkojo wake utageuka rangi ya chungwa, hata machozi yanaweza kutia doa shati jeupe, na kwamba asiogope wala asiache dawa kwa sababu hiyo. Kuhusu namna dawa yenyewe inavyofanya kazi nilikuwa na sentensi moja ya kitabuni: inamzuia bakteria kutengeneza RNA. Niliijibia mtihani, nikafaulu, yakaishia hapo.

Nilikutana nayo tena Uppsala, Sweden, nilikokwenda kusoma shahada ya uzamili. Kule unga uleule mwekundu ulikuwa wa kupimia umri. Ukitaka kujua RNA fulani huishi muda gani ndani ya bakteria, unaotesha E. coli kwenye supu mpaka wachangamke, unamimina rifampisini, na papo hapo utengenezaji wa RNA mpya unasimama. Kinachobaki ni kile kilichokuwapo, nacho kinaanza kuisha. Unachota sampuli baada ya nusu dakika, dakika moja, mbili, tano, kumi, unazitumbukiza kwenye baridi kali, kisha unaanza kazi ya kuitoa RNA kabla haijaharibika. Hiyo si kazi ndogo. Ngozi ya vidole vyetu ina vimeng'enya vinavyoila RNA, kwa hiyo tulivaa glavu na kuzibadilisha kila tuliposhika kitasa cha mlango, na maji yote tuliyotumia yalikuwa yametibiwa kwanza. Dada aliyekuwa akinielekeza hakuruhusu mtu azungumze juu ya mirija iliyo wazi.

RNA nilizopewa kupima zilikuwa mbili zinazokaa pamoja, hok na sok. Mpaka leo, nikiingia wodini, naitazama hospitali kwa yale niliyojifunza kwao.

Zinatoka kwenye plasmidi iitwayo R1. Plasmidi ni duara la DNA linaloishi ndani ya bakteria kando ya kromosomu yake, likijinakili lenyewe na mara nyingi likihama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. R1 haikubuniwa maabarani. Ilipatikana London mwaka 1963 ndani ya bakteria wa jamii ya Salmonella, enzi ambazo Naomi Datta wa hospitali ya Hammersmith alikuwa akionyesha kwamba usugu wa dawa unaweza kuhama kati ya bakteria wa wagonjwa. Imebeba usugu dhidi ya ampisilini, kloramfenikoli, kanamaisini, streptomaisini na salfa, dawa tano kwa mkupuo. Ni kubwa, karibu jozi laki moja za herufi za DNA, lakini kila bakteria huwa na nakala zake chache sana, moja au mbili.

Uchache huo ndio uliokuwa fumbo. Bakteria anapogawanyika, nakala mbili zinaweza kwa urahisi kubaki zote upande mmoja. Mtoto wa upande wa pili angezaliwa bila mzigo, na pale pasipo na dawa angewapita ndugu zake kwa kasi ya kuzaana. Baada ya vizazi kadhaa R1 ingetoweka, lakini haitoweki. Sehemu ya sababu ni nyuzi za protini ambazo plasmidi huzitengeneza ili kuzisukuma nakala zake kwenye ncha mbili za seli kabla ya seli kugawanyika. Sababu nyingine ilielezwa mwaka 1986 na Kenn Gerdes na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Denmark, na nilipoisoma mara ya kwanza niliirudia palepale nikidhani sikuielewa. Mtoto asiye na plasmidi huzaliwa. Kisha plasmidi aliyoikosa humuua. Miaka mitatu kabla yao, Teru Ogura na Sota Hiraga wa Japani walikuwa wameripoti jambo la namna hiyo kwenye plasmidi F, ingawa pale sumu na kizuia sumu vyote ni protini.

Kwenye R1 kizuia sumu ni RNA. Jeni ya hok hutoa maelekezo ya protini fupi ya asidi amino 52, inayoingia kwenye utando wa seli na kuuharibu. Jeni ya sok iko palepale, ila husomwa kutoka uzi wa pili wa DNA, wala haitoi protini yoyote. Inatoa RNA ya herufi zipatazo 64, na kwa kuwa imetoka kwenye uzi wa pili, RNA hiyo hushikana na ile ya hok herufi kwa herufi. Zikishashikana, ribosomu hazina pa kuanzia kusoma, na kimeng'enya kiitwacho RNase III huzikatakata zote mbili.

Sasa angalia umri wao. Sok hupotea haraka mno. Nusu yake huisha katika muda wa kama nusu dakika. RNA ya hok hudumu muda mrefu, wakati RNA nyingi za E. coli huharibiwa ndani ya dakika chache. Maadamu plasmidi ipo, sok mpya inatengenezwa bila kukoma na sumu haipati nafasi. Plasmidi ikikosekana, mtoto anakuwa amerithi RNA zote mbili kutoka kwa mama, lakini hana jeni ya kutengeneza nyingine. Sok inaisha kwanza. Hok inabaki, inasomwa, na seli inakufa.

Mimi nilidhani habari imekwisha hapo, mpaka nilipoelezwa jinsi hok inavyojikunja. RNA ya hok ikitoka tu kutengenezwa huwa imefungwa, mwanzo wake umeshikana na mwisho wake, haisomeki wala sok haiwezi kuishika. Vimeng'enya vya seli huitafuna taratibu kutoka mwishoni, herufi kama 40, ndipo inapofunguka na kujikunja upya katika umbo linalosomeka. Umbo hilo ndilo sok inalolitambua. Kwa hiyo ndani ya bakteria mwenye plasmidi kuna akiba ya hok iliyofungwa, haimdhuru mtu, inafunguka kidogo kidogo, na kila inayofunguka inakuta sok inaisubiri. Kama hok ingezaliwa ikiwa wazi, sok ingeimaliza yote, na mtoto asiye na plasmidi asingerithi chochote cha kumuua. Ule ukunjaji ndio unaobeba hukumu kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Sijaona bado kitu kilichopangika kwa ustadi kama huo katika nafasi ndogo kama hiyo.

Rifampisini iliniwezesha kukiona kifo hicho kwa macho. Dawa inapositisha utengenezaji wa RNA zote, seli yenye R1 inajikuta katika hali ileile ya mtoto aliyeikosa: sok inaisha, hok iliyohifadhiwa inaendelea kufunguka. Nilichukua tone na kuliweka chini ya darubini. Bakteria wazima huonekana weusi mwili mzima. Hawa walikuwa weupe katikati, weusi kwenye ncha mbili tu, kama maganda. Watafiti wa Denmark waliviita vizuka, na ni kweli vinafanana na kitu kilichoachwa na mwenyewe.

Tangu siku za shule nilikuwa nimefundishwa kuuliza seli imetengeneza nini. Uppsala nilijifunza kuuliza pia kila ilichokitengeneza kinaisha lini. Maswali hayo mawili hayatoi jibu moja, na tangu wakati huo kila ninapofundisha vijana wa maabara ninawataka waulize yote mawili.

RNA fupi zisizotoa protini zimejaa ndani ya bakteria, na nyingi hazina uhusiano wowote na sumu. Ya kwanza kujulikana kwenye kromosomu ya E. coli kwa kazi ya namna hii ilikuwa MicF, mwaka 1984, inayopunguza mojawapo ya protini za matundu kwenye utando wa nje. RyhB, iliyoelezwa na Eric Massé na Susan Gottesman mwaka 2002, hutokea pale chuma kinapokuwa haba, ikazuia utengenezaji wa protini zinazotumia chuma ambazo seli inaweza kuishi bila kuwa nazo kwa muda. Ina herufi 90 hivi. Nyingi kati ya hizi husaidiwa na protini moja yenye umbo la pete, Hfq, inayozikutanisha na RNA zinazolengwa.

Ile iliyonigusa karibu zaidi ni ya kipindupindu. Mwaka 2015 mlipuko ulianza Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoa mingi, nami nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipokea sampuli. Kwa wiki nyingi meza yetu ilijaa sahani za agari ya kijani zenye koloni za manjano, ndivyo Vibrio cholerae anavyojitambulisha. Mkononi nilikuwa nikiotesha, kichwani nilikuwa nikifikiria RNA nne ziitwazo Qrr, ambazo maabara ya Bonnie Bassler huko Princeton ilizieleza mwaka 2004. Vibrio hupima idadi yao kwa kutoa na kuhisi vijidutu vya kemikali. Wakiwa wachache, Qrr hutengenezwa, na kwa msaada wa Hfq huiharibu RNA ya protini iitwayo HapR. Pasipo HapR, jeni za kujishikiza utumboni na za kutengeneza sumu ya kipindupindu zinaruhusiwa kufanya kazi. Wakishakuwa wengi, Qrr zinakoma, HapR inarudi, sumu inapungua, na vibrio wanajiandaa kutoka. Wanatoka kwenye mwili wa mgonjwa, wanaingia kwenye maji ya mtu mwingine. Bakteria wengi husubiri wawe wengi ndipo washambulie. Huyu anafanya kinyume, na ule wingi wa vibrio kwenye kinyesi cha mgonjwa aliyelala mbele yetu ulikuwa ishara kwao kwamba ni wakati wa kuhama. Nilipoelewa hivyo, ndoo ya klorini iliyowekwa chini ya kitanda ilikuwa na maana nzito zaidi machoni pangu.

Mifumo ya sumu na kizuia sumu haiishii kwenye plasmidi. Kromosomu nyingi za bakteria zinayo, na sababu yake imezua mjadala mrefu. Maelezo yaliyovutia wengi yalihusu uvumilivu. Mwaka 1944, Joseph Bigger aliona kwamba penisilini haiwaui stafilokokasi wote. Wachache hubaki, na watoto wao huuawa na penisilini kama kawaida. Hawakuwa sugu, walikuwa wamelala. Mwaka 1983 Harris Moyed alipata jeni iitwayo hipA ambayo ikibadilika huongeza sana idadi ya walalaji hao, na hipA baadaye ilithibitika kuwa sumu yenye kizuizi chake. Ilionekana wazi: sumu kidogo humlaza bakteria, dawa inapita, anaamka.

Mwaka 2011 maabara ya Gerdes, yuleyule wa hok na sok, ilichapisha kwamba ukifuta mifumo kumi ya aina hii kwenye kromosomu ya E. coli, mmoja baada ya mwingine, walalaji hupungua sana. Mwaka 2013 ikafuata makala nyingine iliyoeleza njia nzima. Zilikuwa makala nzuri, zilinukuliwa kila mahali, na nilizisoma pamoja na wanafunzi wangu mstari kwa mstari. Kisha mwaka 2017 maabara hiyohiyo ikatangaza kwamba bakteria waliotumika walikuwa wameingiliwa na virusi wa bakteria, phi80, na kwamba matokeo yalitokana naye. Mwaka 2018 makala zote mbili zikaondolewa na wenyewe.

Nimewasikia watu wakilisimulia jambo hili kama aibu. Mimi nalitaja darasani kwa heshima. Mtu aliyeijenga taaluma yake juu ya mifumo hii, aliyegundua mmojawapo wa ile ya mwanzo kabisa, alikuwa na kila sababu ya kuacha wengine wabishane kwa miaka. Alichapisha kwanza yeye. Wanafunzi wangu hupewa makala ya 2011 pamoja na tangazo la kuiondoa, nao huulizwa wangelitambuaje phi80 kama wangekuwa wao. Katika maabara zetu, ambako chupa moja ya bakteria hupitia mikono mingi na umeme hukatika, swali hilo si la nadharia.

Ni kwa sababu hiyo pia ninakuwa mwangalifu ninapozungumzia kifua kikuu. Bakteria wake ana mifumo ya sumu na kizuia sumu inayozidi 80, wakati ndugu yake asiyesababisha ugonjwa huo, Mycobacterium smegmatis, ana michache sana. Nyingi ya sumu hizo hukata RNA: za mjumbe, za ribosomu, au zile zinazobeba asidi amino. Inavutia kusema hapo ndipo ilipo sababu ya mgonjwa kumeza dawa miezi sita. Wapo wanaosema hivyo. Mimi husema kwamba bakteria wa kifua kikuu wanaolala wapo, na kwamba miezi sita inahitajika kwa ajili yao. Nani anawalaza, ushahidi wa kutosha haujakusanywa. Mgonjwa anastahili kuambiwa kile tunachoweza kukitetea.

Kuhusu plasmidi naweza kusema kwa uthabiti zaidi, na nililazimika kufanya hivyo katika kikao cha kamati ya dawa ya hospitali moja ya rufaa. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa na Klebsiella wasiosikia seftriaksoni. Pendekezo mezani lilikuwa kuisitisha seftriaksoni kwa mwaka, kisha kuirudisha ikiwa imepata nguvu yake tena. Mkuu wa famasia, mama aliyetumikia kazi hiyo kabla wengi wetu hatujazaliwa, alinigeukia.

"Mwanangu, klorokwini si ilirudi kule Malawi?"

"Ilirudi, Mama."

"Basi hii itashindwaje?"

Alikuwa sahihi kabisa kuhusu Malawi. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993, kabla ya nchi nyingine za Afrika. Miaka michache baadaye vimelea sugu vilikuwa vimepungua mno, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha dawa hiyo ikiwaponya karibu watoto wote waliotibiwa nayo. Kimelea cha malaria kilichobadilika kilikuwa kikilipa gharama ya badiliko lake, na dawa ilipoondoka, vile vya asili vilivyokuwa vimesalia vikashika nafasi. Hakikuwa na kitu ndani yake cha kuwaua watakaoacha usugu.

Nikawaeleza kamati habari ya Uingereza. Kule matumizi ya salfa yalishuka kwa takriban asilimia 97 katika miaka ya 1990. Watafiti wa hospitali ya Royal London wakawapima E. coli: mwaka 1991 asilimia 39.7 walikuwa sugu kwa salfa; mwaka 1999 walikuwa asilimia 46.0. Dawa iliondoka, usugu ukabaki. Sababu hazikuwa moja. Jeni za usugu wa salfa zilikaa kwenye plasmidi pamoja na jeni za usugu wa dawa nyingine zilizoendelea kutumika, kwa hiyo kila dozi ya ampisilini iliitunza salfa pia. Na plasmidi hizo kubwa zina njia zao za kutoachwa. Sisi hatujafika hata hapo. Septrini, ambayo mojawapo ya dawa zake mbili ni salfa, bado wagonjwa wetu wengi wenye virusi vya UKIMWI wanaimeza kila siku kujikinga, na ni haki waimeze.

Klebsiella na E. coli wa wodi zetu mara nyingi hubeba jeni iitwayo CTX-M-15, inayovunja seftriaksoni. Watafiti wa Mwanza ni miongoni mwa walioiripoti. Mara nyingi jeni hiyo husafiri kwenye plasmidi za ukoo wa F, na katika ukoo huo hok na sok si wageni, wala mfumo ule wa Ogura na Hiraga, ambao sumu yake hushambulia jairesi, kimeng'enya kilekile kinachopigwa na siprofloksasini. Bakteria anayejaribu kuitua plasmidi ya namna hiyo kwa sababu seftriaksoni haipo tena, hafiki mbali.

Mama yule aliandika kitu kwenye daftari lake, akauliza kama basi hakuna haja ya kubana matumizi ya seftriaksoni. Nikamwambia haja ipo, na ni kubwa. Kila mtoto anayepewa dawa hiyo bila kuhitaji anafungua nafasi kwa plasmidi ndani ya utumbo wake, kwa kuwaua majirani wote wasio nayo. Kubana kunapunguza wanaoingiliwa kesho. Kisichofaa ni kuahidiana kwamba waliokwisha kuingiliwa watajisafisha kwa kusubiri.

"Kwa hiyo kumzuia asiingie ni rahisi kuliko kumtoa."

"Rahisi zaidi sana, Mama. Na anaingia kwa mikono yetu."

Kikao kiliendelea mpaka jioni. Seftriaksoni iliwekewa masharti: damu ya mtoto ioteshwe kwanza, dawa ipitiwe upya majibu yakitoka. Ahadi ya kuirudisha baada ya mwaka ilifutwa kwenye muhtasari. Mama akaomba bomba la pili la maji kwenye wodi ya watoto wachanga, sabuni na vitakasa mikono viwekwe juu kabisa ya orodha ya manunuzi, juu ya dawa mbadala ya bei kubwa iliyokuwa imependekezwa, na wajumbe wakakubali. Maabara yetu ikapewa kazi ya kuwapima watoto wanaopokelewa kutoka vituo vingine siku ileile wanapofika, kabla hawajalazwa karibu na wenzao.